Mitaro isisubiri ramani ya soko

Soko Kuu la Bujumbura liliteketea Januari 27, 2013, na kwa miaka mingi kiwanja chake kikabaki kikingoja mipango. Ubaya ni pale barabara za jirani nazo zinapongojeshwa: kwa nini kumwaga lami leo, ikiwa kesho itachimbuliwa?

Hoja hiyo ni ya haki kwa lami, si kwa mitaro. Mvua haimsubiri mwekezaji. Mto Ntahangwa umekwisha kutufundisha: kingo zake zimemega nyumba na njia. Soko lijengwe au lisijengwe, maji yatateremka ziwani.

Basi wakuu wa mji wazibue na kujenga mitaro kwanza. Mashimo ya karibu na kiwanja yajazwe mawe na kushindiliwa. Lami iende kwenye barabara ambazo soko halizigusi, kama zile za mpakani. Kisha watangaze mtaa kwa mtaa, kwa Kirundi na Kiswahili, kazi ipi inaanza lini.

Sisi tuliorudi kutoka Ulyankulu na Mtabila, na ndugu zetu wafanyabiashara wa mpakani, tunaanzia na mtaji mdogo. Atakayejua mapema atahamisha meza yake, asiyejua atafilisika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.