Mzigo Mwepesi, Salamu ya Karibu

Safari ya kwanza kuwazuru jamaa zetu Nkubu, kwenye barabara ya Embu kwenda Meru, tulibeba kamera nzito na lenzi tatu, na mtoto naye akitaka kubebwa. Safari ya pili tulichukua kamera ndogo isiyo na kioo cha ndani, ya mfumo uliotangazwa na Olympus na Panasonic mwaka 2008, na lenzi moja fupi. Vilele vya Mlima Kenya havikusogea tena. Lakini lenzi ndefu ilituzoeza kuwapiga picha akina mama sokoni kwa mbali, bila idhini. Hii fupi ilitulazimu kusogea, kusalimu na kuomba. Muuza ndizi mmoja alikataa picha, akatukaribisha kuketi. Tukaketi. Sitara yake ikabaki salama.