Dawa Moja, Majina Matatu

Jina la biashara likizoeleka midomoni hupewa ngeli na kuwa neno la watu wote. Ndivyo Caterpillar ilivyozaa katapila, na Bajaj ikazaa bajaji, wala hakuna aliyedhurika. Katika dawa mambo ni mengine. Wengi wa Afrika Mashariki huita Panadol kidonge chochote cha kutuliza maumivu. Mmarekani husema Tylenol. Mtoto hunyweshwa Calpol. Yote hayo ni parasetamoli. Aliyeletewa Tylenol na jamaa yake aweza kuimeza juu ya Panadol, akidhani ametumia dawa mbili. Hata akisoma pakiti hatasaidika, kwani Wamarekani huiandika asetaminofeni, ingawa majina yote mawili yamekatwa katika jina lile lile la kikemia. Mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Ziada huharibu ini, tena dalili zake huchelewa. Kwa hiyo mwuza dawa atamkaye jina la biashara pekee humnyima mgonjwa habari iliyo haki yake. Kulitaja na lile la dawa yenyewe hakumgharimu hata senti.