Bomba la Tanga Halitashusha Bei ya Wese Songea

Hapa Mfaranyaki hoja inayotawala vijiwe vya bodaboda ni moja: eti mafuta ya Uganda yakifika Tanga, wese litashuka bei mpaka huku kwetu. Kuna jamaa wameshapiga hesabu ya faida watakayobaki nayo kwa siku. Sipendi kumtia mtu mchanga kwenye kitumbua chake, lakini hesabu hiyo imeruka swali la kwanza kabisa. Ndani ya lile bomba kunapita nini?

Si petroli, wala si dizeli. Ni mafuta ghafi, na mafuta ghafi huwezi kuyamimina kwenye pikipiki ikawaka.

Tuwekane sawa hapa maana ndipo mchezo wote ulipo. Mafuta ghafi ni mchanganyiko wa maelfu ya vitu. Kwa uzito, kaboni ni kama asilimia 83 hadi 87, haidrojeni asilimia 10 hadi 14, halafu kuna salfa, naitrojeni, oksijeni na vijichembe vya madini kama nikeli. Kaboni hizo zinashikana kama mnyororo, na urefu wa mnyororo ndio unaoamua unapata nini. Kaboni 1 hadi 4 ni gesi, ile ya kupikia imo humo. Kuanzia 5 hadi 12 hivi ni petroli. Zinafuata za mafuta ya taa, kisha dizeli, na hao wawili wanapakana mpaka wanaingiliana. (Ujirani huo ndio uliotuletea neno "kuchakachua". Ilibidi EWURA waanze kuweka kemikali ya utambulisho kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili wachanganyaji wakose faida. Aliyeumia zaidi ni bibi wa kijijini mwenye koroboi, lakini hiyo mada ya siku nyingine.) Mnyororo ukizidi kaboni 20 unaanza kukutana na nta, na mwisho kabisa ni lami hii ya barabarani.

Kuvitenganisha kunahitaji kiwanda. Mafuta yanachemshwa, mvuke unapanda kwenye mnara mrefu, vyepesi vinafika juu, vizito vinabaki chini.

Sasa mafuta ya Uganda, yaliyogunduliwa eneo la Ziwa Albert mwaka 2006, yana tabia yake. Salfa ni kidogo, na hilo ni jambo zuri kwa sababu salfa inakula mitambo na kuchafua hewa. Ila nta imejaa. Mnajua mwezi wa 7 hapa Songea mafuta ya kula ya mawese yanavyoganda kwenye kidumu mpaka uyaweke karibu na jiko? Ya Uganda yanafanya vile vile, tena bila kusubiri baridi: kwenye joto la kawaida tu yanakuwa mazito hayatiririki. Ndiyo maana bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, limebuniwa lifunikwe tabaka la kuhifadhi joto na kupashwa njiani ili mafuta yasishuke chini ya nyuzi 50. Hiyo joto mtu anailipia. Wakenya walionja kitu hicho hicho. Mafuta ya Lokichar nayo yana nta, wakayasafirisha kwa malori yenye matangi ya kupasha joto hadi Mombasa, na shehena ya kwanza ya mapipa 240,000 ikaondoka Agosti 2019.

Yakifika Chongoleani yanapakiwa melini, yanauzwa nje. Sisi Tanzania tunapata ushuru wa kupitisha, ajira, na TPDC ina hisa asilimia 15 kwenye bomba. Si haba. Lakini kiwanda cha kuyasafisha hatuna. TIPER pale Kigamboni ilijengwa miaka ya 1960 kwa ajili ya kazi hiyo, ikaacha kusafisha mwishoni mwa miaka ya 1990, leo ni maghala ya kuhifadhi.

Najua kuna atakayesema basi tujenge kingine. Sipingi, ila aangalie majirani kwanza. Zambia walikuwa na kiwanda cha Indeni kule Ndola, kinalishwa na bomba la TAZAMA lililofunguliwa mwaka 1968, linalotoka Dar kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya. Kiwanda kile kilikuwa hakiwezi kula ghafi yoyote tu, ikabidi waletewe mchanganyiko maalumu wenye dizeli ndani yake. Yaani unanunua dizeli, unaichanganya na ghafi, unaisafirisha kilomita 1,710, halafu unaitoa tena! Mwishoni mwa 2021 wakasimamisha, na bomba likageuzwa lipitishe dizeli iliyokwishasafishwa.

Bei ya sheli zetu inapangwa na vitu vingine: soko la dunia, dola, kodi na tozo, halafu umbali. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipopandisha bei, serikali ililazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi wa Juni. Bomba lingekuwepo siku ile lisingetusaidia, maana ghafi ya Uganda nayo inauzwa kwa bei ya dunia.

Kitu kimoja tu katika orodha hiyo kinatuhusu sisi wa kusini peke yetu, nacho ni umbali. Meli ya mafuta ikishusha Mtwara, roli linapita Masasi na Tunduru mpaka hapa. Likitoka Dar linazunguka Iringa, Njombe, ndipo lifike. Kwa hiyo mbunge akija kuwaambia habari za Chongoleani, mwulizeni ya Mtwara: maghala yanatosha mafuta ya siku ngapi, na kwa nini meli ikichelewa sheli za huku zinafunga pampu?

Wenye takwimu za gharama ya roli toka Mtwara hadi Songea, zimwageni hapa chini.