Badili kwa Insafu
Tangu tarehe 3 Mei 2000, mara tu baada ya serikali ya Marekani kuondoa kizuizi kilichopunguza usahihi wa ishara za satelaiti kwa raia, Dave Ulmer alipoficha ndoo karibu na Beavercreek, jimboni Oregon, akatia ndani yake vitabu, kopo la maharage na manati, na kushurutisha kwamba achukuaye kitu aache kitu, mchezo wa jiokashi, yaani kutafuta kwa msaada wa satelaiti masanduku yaliyofichwa na wengine na kubadilishana vitu vilivyomo, umesimama juu ya amana baina ya watu wasioonana. Wako wadhaniao kwamba amana hiyo yahitaji mali nyingi. La hasha, kwani gololi zinunuliwazo mfuko mzima, vifungo vya nguo kuukuu, shanga, raba za kufutia, na sarafu ndogo zilizosalia baada ya safari ya ng'ambo, zatosha kabisa kumfurahisha mtoto aliyepanda kilima pamoja na wazazi wake. Urahisi wa bei si aibu. Aibu ni kuacha risiti iliyokunjamana mahali palipokuwa na kitu kizima, maana kila abadilishaye kwa kupunja humrithisha ajaye sanduku hafifu kuliko alilolikuta, hata mwisho likawa jaa. Chakula nacho hakifai, kwa kuwa harufu yake huwaita wanyama wakatafuna sanduku, na kimiminika huvuja kikaharibu daftari ambamo wanaolifikia sanduku huandika majina yao. Basi mwenye kununua kitu cha kubadilisha na ajiulize: je, kitu hiki kitastahimili unyevu na baridi, na je, mimi mwenyewe ningekikuta, ningeridhika nacho?