Picha ya mgongo si ushahidi wa kupona

Leo naweka kando programu na seva, niongee kuhusu mgongo. Msishangae. Sisi tunaoketi mbele ya kompyuta kutwa nzima twaujua mgongo kuliko tungependa.

Hoja yangu ni moja, na sitaipaka asali. Kliniki ikikuonyesha picha za MRI za kabla na baada ya matibabu, haijathibitisha kwamba watu hupona hapo. Imekuonyesha picha, basi.

Nasema juu ya matibabu ya tundu dogo: sindano, mrija mwembamba na kamera ndogo badala ya kupasua mgongo wazi. Yanavutia, maana kidonda ni kidogo. Tena daktari huongoza sindano kwa kutazama eksirei kwenye skrini, kwa hivyo picha ni lazima. Hapo sina ubishi. Ninachopinga ni kuifanya picha iwe hakimu.

Tuanze na picha ya kabla. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya MRI za watu 98 wasio na maumivu ya mgongo. Asilimia 52 walikuwa na diski iliyotuna angalau mahali pamoja. Mwaka 2015 uchambuzi mwingine ulikusanya tafiti 33 zenye watu 3,110 wasio na maumivu. Dalili za diski kuchakaa zilikuwa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Wenzangu wa programu mtaelewa haraka. Fungua logi za seva yoyote inayofanya kazi vizuri, utakuta maonyo chungu nzima. Fundi anayeshika onyo la kwanza na kutangaza kwamba amepata tatizo anabahatisha tu.

Picha ya baada je? Uholanzi walifuatilia wagonjwa 283 waliokuwa na maumivu makali ya mgongo yanayoteremka mguuni. Baadhi walifanyiwa upasuaji mapema, wengine wakatibiwa kwanza bila kisu. Matokeo yalitoka 2007: waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi, lakini baada ya mwaka makundi yote mawili yalikuwa na asilimia 95 waliosema wamepona. Mwaka 2013 zikachapishwa MRI zao za baada ya mwaka mmoja. Diski iliyochomoza ilionekana bado kwa asilimia 35 ya waliopata nafuu, na asilimia 33 ya wasiopata. Soma tena tarakimu hizo. Picha haikuweza kutofautisha aliyepona na asiyepona!

Mfano mwingine ni ule wa kudunga saruji ya mifupa kwenye pingili zilizovunjika kwa udhaifu wa mifupa. Kwenye eksirei saruji inapendeza, imejaa sawasawa. Mwaka 2009 majaribio mawili yalilinganisha saruji na matibabu ya kuigiza. Maumivu yalipungua katika makundi yote mawili, karibu sawa kwa sawa.

Najua utaniuliza, wewe ni daktari? La. Lakini data ndiyo kazi yangu. Kwetu hitilafu haihesabiwi imekwisha kwa sababu fundi amebadilisha mistari ya programu. Imekwisha mtumiaji akisema sasa inafanya kazi. Madaktari nao wana kipimo cha aina hiyo: maswali 10 ya Oswestry, yaliyochapishwa 1980. Mgonjwa anajibu mwenyewe kuhusu kuketi, kutembea, kulala na kunyanyua vitu. Uswidi wana rejista ya taifa iitwayo Swespine, inayowauliza wagonjwa hali zao kabla ya upasuaji na miaka kadhaa baadaye. Kuuliza maswali 10 kwa simu, kwa idhini ya mgonjwa na kwa kulinda siri zake, hakuhitaji mashine ya mamilioni. Kliniki yenye pesa za kununua skana ikikosa jedwali la matokeo, mimi naona imeamua kutojua.

Tuelewane: kuna wakati picha haingoji. Ukipoteza nguvu za miguu, ukifa ganzi sehemu za siri, ukishindwa kuzuia au kutoa mkojo au choo, kimbia hospitalini leo hii. Maumivu ya mgongo pamoja na homa, kukonda bila sababu, historia ya saratani au ajali nayo yachunguzwe upesi.

Kwa wengine wote: kabla familia haijauza ng'ombe au kuitisha harambee, uliza maswali matatu. Mmewatibu wangapi wenye hali kama yangu? Baada ya mwaka, wangapi walisema wana nafuu? Na ni nani aliyewauliza?

Wakikujibu kwa kukuwashia skrini, shika mkoba wako uende ukatafute daktari wa pili.