Kikokotoo Hakimjui Mama Mdogo Wangu

Najua niliwaahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata. Itakuja. Leo nina hasira, na hasira yenyewe inawahusu watu wa fani yangu, yaani sisi tunaoandika programu.

Wiki iliyopita jamaa mmoja niliyesoma naye chuo alinitafuta. Anataka kutengeneza programu ya simu kwa ajili ya akina dada: unajibu maswali kumi, inakupa asilimia yako ya kupata saratani ya matiti, halafu kila Jumatatu inakukumbusha ujaze tena. Aliniomba nishike upande wa seva. "Mtu akishajua hatari yake, wasiwasi unaisha," akaniandikia.

Nimekataa. Naeleza hapa kwa nini, maana hayo hayatoshi kwenye ujumbe wa simu.

Mimi ni mteja wa zamani wa bidhaa hiyo. Mama mdogo wangu alifariki kwa saratani ya titi mwaka 2022. Tulipomaliza matanga nikaanza kupekua mtandao usiku, hapa Mariakani, malori yakinguruma barabarani na mimi nimejifunika shuka na simu. Nikaangukia kikokotoo maarufu cha Marekani, kinachotumia fomyula iliyochapishwa na Mitchell Gail na wenzake mwaka 1989. Kisanduku cha umri hakimpokei aliye chini ya miaka 35. Nilikuwa na 25. Nikadanganya, nikaandika 35.

Kisha kikaniuliza: mama yako, dada zako na binti zako, wangapi wamewahi kuugua? Hapo nikakwama. Kwetu mama mdogo ni mama. Huyu ndiye aliyenilea miaka mitatu mama yangu alipokuwa akifanya kazi Mombasa. Nikijaza sifuri napata namba moja, nikijaza moja napata kubwa zaidi. Nilibadilisha sifuri na moja mpaka adhana ya alfajiri. Ndugu msomaji, nina digrii ya sayansi ya kompyuta! Najua vizuri kwamba ukiingiza uongo, kompyuta inakurudishia uongo uleule ukiwa umepigwa pasi. Na bado niliiamini ile namba.

Sisemi Gail alikosea. Alifanya kazi ya maana. Lakini fomyula yake ya kwanza ilitokana na wanawake weupe wa Marekani waliopimwa katika mradi ulioanza mwaka 1973. Mwaka 2007 likatolewa toleo la Wamarekani weusi. Mgiriama wa Mariakani hayumo katika yote mawili. Tena fomu haiulizi chochote kuhusu upande wa baba, ilhali hitilafu za jeni za BRCA1 na BRCA2, zilizotambuliwa mwaka 1994 na 1995, mtu anaweza kuzirithi kwa baba kama anavyozirithi kwa mama. Nacho kikokotoo chenyewe hakikukusudiwa wenye hitilafu hizo.

Hata tukipata namba sahihi, namba hiyo inasema nini? Inasema juu ya kundi. Mariakani tunajulikana kwa mizani ya malori. Pale dereva haulizwi malori ya aina yake kwa kawaida hubeba tani ngapi. Anapandishwa juu, na uzito unaosomwa ni wake. Kikokotoo kinakupa wastani wa malori. Mizani ni mkono wa daktari, ultrasaundi, na kile kinyama kidogo kinachokatwa kupelekwa maabara. Jamaa yangu anataka kuuza wastani na kuuita mizani.

Halafu kuna ujanja wa asilimia. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu homoni za wanawake waliokoma hedhi ulitangazwa kwamba homoni hizo zinaongeza saratani ya matiti kwa asilimia 26. Dunia ikatetemeka. Lakini tazama hesabu yenyewe: katika wanawake 10,000 kwa mwaka mmoja, wasiotumia walikuwa wagonjwa 30, waliotumia 38. Wanane zaidi. Si jambo la kudharau, hasa ukiwa mmoja wa wale wanane, lakini "wanane katika elfu kumi" na "asilimia 26" haviingii moyoni kwa mlango mmoja. Anayeandika programu ndiye anayechagua mlango, na mlango wa hofu ndio unaoleta mibofyo mingi.

Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya wanawake wanaopata ugonjwa huu hawana kihatarishi chochote kinachojulikana zaidi ya kuwa mwanamke na kuvuka miaka 40. Kwa hiyo namba ndogo si cheti cha usalama, na namba kubwa si hukumu. Sasa ya nini kuijaza kila Jumatatu?

Wenzangu wa fani, iangalieni hivi:

wakati (nina_hofu) {
    tafuta_mtandaoni();
    tulia(dakika_tano);
    nina_hofu = kweli;
}

Kitanzi hiki hakina mlango wa kutokea. Kila utulivu wa dakika tano unaufundisha ubongo kwamba dawa ni kutafuta tena. Mimi nilifika mahali pa kujipapasa mara sita kwa siku, titi likawa linauma kwa kubinywa, kisha nikatafuta "maumivu ya titi". Nilikuwa nikitengeneza dalili kwa vidole vyangu mwenyewe!

Najua mtakaloniambia: "Dada, hofu ni nzuri, bila hofu watu hawaendi hospitali." Basi sikilizeni. Mama mdogo aliogopa tangu siku ya kwanza aliyogusa uvimbe. Kwa sababu ya hofu alinyamaza miezi miwili. Alipokwenda, akapewa dawa ya kumeza na kuambiwa arudi. Akarudi, mashine mbovu. Akatumwa kwingine, nauli ikatafutwa. Kinyama kikachukuliwa, majibu yakapotea, kikachukuliwa tena. Ilipita miezi saba tangu alipogusa uvimbe mpaka akaambiwa ana nini. Sitataja hospitali, si shabaha yangu leo. Nasema tu kwamba hofu ilikuwa tele. Kilichokosekana ni jibu.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo: uchunguzi wote mpaka jibu kamili usizidi siku 60 tangu mgonjwa alipofika kituoni mara ya kwanza. Makadirio ya GLOBOCAN ya mwaka 2020 kwa Kenya yalikuwa wagonjwa wapya 6,799 wa saratani ya matiti na vifo 3,107. Sidhani hao wote walikufa kwa kukosa asilimia kwenye simu.

Mimi nilitokaje kwenye kitanzi? Sijatoka kabisa, lakini haya ndiyo yamenisaidia:

1. Nilimwona daktari mara moja, nikiwa na karatasi yenye ndugu wa pande zote mbili, nani aliugua na akiwa na umri gani. Alinipima, akanipa tarehe ya kurudi. Ile tarehe ndiyo mlango wa kitanzi.

2. Nimejua dalili za kunipeleka kituoni wiki hiyohiyo bila kupitia Google: uvimbe kwenye titi au kwapani, ngozi kubonyea, chuchu kuingia ndani au kutoa damu, titi kubadilika umbo. Uvimbe mwingi si saratani, lakini wa kuamua ni mpimaji.

3. Nafanya yaliyo mikononi mwangu: mazoezi, na pombe nimeacha. Zile jumbe za WhatsApp za sidiria na dawa za kwapa nazifuta, hazina ushahidi.

4. Hofu iliponinyima usingizi miezi mfululizo, nilikubali kwamba hiyo nayo ni maradhi yanayotibika. Mshauri alinifundisha kuahirisha kutafuta: kwanza dakika kumi, kisha saa, kisha siku.

Ewe jamaa yangu, ukitaka programu ya kweli, hii hapa. Siku mwanamke anapofika kituoni na uvimbe, saa inaanza kuhesabu. Amepigwa picha? Kinyama kimetoka? Majibu yako wapi? Siku ya 30 ikifika bila jibu, kengele ilie kwenye meza ya msimamizi wa kituo. Siku ya 45 ilie kwa nguvu zaidi. Isilie kwenye simu ya mgonjwa. Yeye ameshaogopa vya kutosha.

Hiyo seva nitaiandika bure. Jamaa bado hajanijibu.

Haya, uwanja wa maoni ni wenu. Mkitaka kunitukana, tukaneni kwa hoja. Tupo pamoja.