TELA HALINA TAA? USIKUBALI KUFIA MALI YA BOSI

Kijana mwenzangu, kazi ya lori umeitafuta kwa jasho. Sasa bosi anakuamuru uondoke Dar usiku huu huu, mzigo unasubiriwa Tunduma. Tela halina hata taa moja nyuma. Ukiuliza, unajibiwa: "Nenda tu, trafiki tutamalizana naye."

Haya, trafiki mtamalizana naye. Na basi linalokuja nyuma je? Basi la kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Umesimama gizani, dereva wake anakuona zikiwa zimebaki mita 40. Ana sekunde mbili tu za kushtuka na kukanyaga breki. Hazitoshi! Noti uliyompa trafiki haiwaki gizani.

Na ubovu wenyewe mara nyingi ni wa aibu. Ukiwasha indiketa na taa zote za nyuma zikakonyeza pamoja, au zikawaka kwa unyonge, anza na waya wa ethi. Kutu imeshika pale unapofungwa kwenye chasisi. Fungua, piga msasa, kaza. Zimezimika zote? Tazama fyuzi, na plagi iliyo kati ya kichwa na tela. Imezimika moja? Badili balbu, lakini usichomeke ya gari dogo. Malori mengi yana umeme wa volti 24. Balbu ya volti 12 itaungua papo hapo. Kisha utingo asimame nyuma, wewe ukanyage breki na kuwasha indiketa, kushoto na kulia.

Zikikufia njiani usiku, usijikaze eti ufike. Tafuta nafasi nje kabisa ya barabara, weka pembetatu mbali nyuma ya tela, subiri kuche. Matawi ya miti hayaonekani gizani.

Wakubwa nao tuwaambie. Kwenye mizani tani zinapimwa kwa ukali, maana lami ina thamani. Roho ya utingo je, haina? Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu 1973, lakini ajali ikitokea anayewahi kuwekwa ndani ni dereva, siyo tajiri aliyegoma kununua balbu.

Basi goma wewe! Mwambie bosi mbele ya mashahidi: taa kwanza, safari baadaye. Akikufukuza utatafuta kazi nyingine. Roho haina spea.